Aya wa Yopougon: kicheko kinaficha nini?

Riwaya ya katuni ya Marguerite Abouet, *Aya de Yopougon*, ilianza kuchapishwa Paris mwaka 2005, kitabu baada ya kitabu, wakati nchi yake ya Côte d'Ivoire imekatika vipande viwili, waasi wakishika kaskazini na serikali kusini. Kitabuni vita havipo. Ni mwaka 1978, mtaa wa Yopougon jijini Abidjan, na wasichana watatu, Aya, Adjoua na Bintou, wanahangaika na wavulana, dansi na maisha ya baadaye. Je, uchangamfu huo ni ukweli wa usichana, au ni pazia?

Wanaoona pazia wana hoja nzito. Côte d'Ivoire ya 1978 ilikuwa ya Rais Félix Houphouët-Boigny na chama kimoja. Fedha zilizoing'arisha Abidjan zilitoka kwenye kakao na kahawa, na mashambani jasho jingi lilikuwa la wahamiaji kutoka Upper Volta, Burkina Faso ya leo. Ugomvi wa nani mwenyeji, nani mgeni, ndio uliochangia kuipasua nchi baadaye. Aya hashughuliki nao. Abouet mwenyewe aliondoka Abidjan akiwa na miaka 12, umri ambao mtu hubeba zaidi harufu na vicheko vya mtaa kuliko siasa zake. Marjane Satrapi, mchoraji mzaliwa wa Iran, alikwenda njia nyingine: katika *Persepolis*, katuni ya utoto wake, mapinduzi ya Iran yanaingia hadi darasani, mtoto wa miaka kumi analazimishwa kuvaa hijabu mwaka 1980, na anabalehe huku mabomu yakianguka. Kitabu hicho kiliondolewa katika baadhi ya madarasa ya Chicago mwaka 2013 kwa sababu ya picha za mateso. Aya yeye alitunukiwa kwenye tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, mwaka 2006. Si uchokozi kuuliza kama wasomaji wa Ufaransa walimpenda kwa kuwa hakuwasumbua.

Ila nadhani wakosoaji hawa wanaitafuta siasa ikulu, wakati Abouet ameiweka sebuleni. Ignace, baba yake Aya, anafanya kazi kampuni ya bia. Binti anataka udaktari. Baba anamtaka Moussa, mtoto wa bosi, awe mkwe. Hapo huhitaji hotuba ya rais kuelewa nani ana nguvu juu ya nani. Na mzee huyu mpanga ndoa za watu, kumbe ana nyumba ndogo, tena yenye watoto. Usiku vijana hukutana kwa siri sokoni, kwenye meza tupu za wachuuzi, mahali walipopabatiza hoteli ya nyota elfu. Adjoua anapata mimba, anamtaja Moussa, na mtoto akizaliwa sura yake inamsuta, maana hafanani na Moussa. Unacheka kweli. Kisha unaona malezi yamewaangukia Adjoua na rafiki zake, mtoto akihama mapaja, na wanaume wanaendelea kutembea.

Kinachonikwaza mimi ni Aya mwenyewe. Ana busara mno, hakosei, anashauri kila mtu. Katika vitabu vya mwanzo ni kama shangazi aliyevaa sura ya binti wa miaka 19. Anayekua hasa ni Adjoua, kwa sababu ndiye anayeumia.

Hali inabadilika Aya anapofika chuo kikuu. Profesa anamtaka kimapenzi ili ampe alama, na yule mwenye jibu la kila kitu anakosa pa kusemea. Rushwa ya ngono, kwa jina lake. Michoro ya Clément Oubrerie imebaki na rangi zilezile za joto, lakini mzaha haufuniki tena kitu. Tatizo ni kwamba filamu ya 2013 imetokana na vitabu viwili vya kwanza tu, kwa hiyo anayemjua Aya kwa filamu peke yake hajakutana na profesa huyo. Akilalamika kwamba hadithi ni nyepesi, kwa filamu hiyo aliyoiona, sina la kumbishia.