Dansi haikuuliwa na bongo fleva, ulizeni vyombo vilikuwa vya nani

Kila zilipendwa zikipigwa redioni lazima atokee mtu wa kusema vijana wa bongo fleva ndo walioua muziki wa dansi Dar, na mi kila siku nabisha. Dansi ilianza kuumwa kitambo na ugonjwa wake ni vyombo vya muziki kutokuwa vya wanamuziki wenyewe.

NUTA Jazz hiyo ya 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, magita ya chama, spika za chama, mwanamuziki anasubiri mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Chama kikibadilika jina na bendi nayo inabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ndo Msondo Ngoma. Umoja wa Vijana walikuwa na Vijana Jazz, Polisi na yao, shirika la mabasi UDA na yao. Mlimani Park walianza 1978, mwaka 1983 wakachukuliwa na DDC, shirika la jiji, ambalo tayari lina ukumbi wake Kariakoo, kwa hiyo bendi, geti na bia vyote vya tajiri mmoja.

Na raha ilikuwepo bwana, tusidanganyane. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anakusimulia ndoa ya watu ilivyovunjika, umekaa zako na bia unasikitika, mara tarumbeta zinaingia, solo linabadilika, chemko limeanza, na wewe uliyekuwa unasikitika uko katikati ya ukumbi unatoa jasho. Siku ya mpambano wa Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, ndo kabisa, mashabiki wanatambiana kama Simba na Yanga.

Ila angalia wanamuziki walivyokuwa wanahama. Mwimbaji Mzee Gurumo alikuwa NUTA tangu mwanzo, akaenda Mlimani Park, 1985 akaenda bendi ya Safari Sound, mwishoni akarudi Msondo. Watu wanasema tamaa, we ungefanyaje kama gita unalopigia si lako na ampu si yako, kesho bosi akinuna huna pa kushika? Miaka ya 90 mashirika yakaanza kubinafsishwa na mengine kufa, bendi zikabaki na spika zilizochoka, mwenye baa akipiga hesabu anaona disko ni mtu mmoja na mashine, bendi ni ukoo mzima unataka nauli.

Hata mwanamuziki Remmy Ongala, mkubwa vile mpaka kuna sehemu Sinza tunaita kwa Remmy, jina la bendi yake, Matimila, lilikuwa la mfanyabiashara mwenye vyombo!

Sasa wanaodai matamasha ya zilipendwa sina ugomvi nao, ila hela ya jukwaa na matenti wangenunulia bendi mojawapo ampu na drams zake yenyewe, alafu tuone kama baa za Ilala na Kinondoni zitakosa watu Jumamosi.