Zifungueni makala kabla ya kuzihesabu

Mwaka jana niliketi kwenye kikao cha kupandisha vyeo wahadhiri. Mezani palikuwa na faili la kijana anayefundisha uhandisi wa programu, na ndani yake makala zake nne zilizobanwa kwa stepla. Tukajadili idadi ya makala, zimenukuliwa mara ngapi, na kipimo chake cha h, namba moja inayounganisha wingi wa makala na kunukuliwa kwake, ni kipi. Kikao kilipokwisha, makala zile zilikuwa zimelala vilevile kama zilivyoletwa. Hakuna aliyefunua hata ukurasa wa pili. Nami nilikuwamo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Usiku ule nilimkumbuka David Parnas, mtaalamu wa uhandisi wa programu. Desemba 1972, akiwa Carnegie Mellon kule Pittsburgh, alichapisha katika jarida la kompyuta la Communications of the ACM makala ya kurasa sita kuhusu namna ya kuigawa programu katika moduli, yaani sehemu ndogo zinazofanya kazi pamoja. Mfano wake ni mdogo: programu ya kutengeneza faharasa. Inapokea mstari wa maneno, inalitoa neno la kwanza na kulipeleka mwisho, inarudia hivyo mpaka kila neno limepata zamu ya kutangulia, halafu inaipanga mistari yote kialfabeti. Ipe “uvuvi wa pweza pwani”, itakupa pia “wa pweza pwani uvuvi”, “pweza pwani uvuvi wa” na “pwani uvuvi wa pweza”. Anayetafuta habari za pweza ataikuta kwenye P.

Wengi tungeigawa programu hiyo kwa hatua: soma, zungusha, panga, chapa. Parnas akaonyesha tatizo liko wapi. Kila hatua inajua jinsi mistari ilivyohifadhiwa ndani ya kompyuta, hivyo ukibadilisha uhifadhi, unalazimika kuzifumua karibu zote. Afadhali kila moduli ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika kesho, na nyingine zisiujue. Kijana anayeandika programu ya duka leo, akaificha hifadhidata nyuma ya moduli moja ili siku akiibadilisha asiguse sehemu ya mauzo, anatumia wazo hilo. Pengine jina la Parnas hajawahi kulisikia. Makala yenyewe imenukuliwa maelfu ya mara, lakini huyu kijana wa dukani hayumo kwenye hesabu, maana programu haiandikiwi marejeleo.

Sasa tazama kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako inafika 10. Mwenye makala tatu tu, hata kila moja iwe imenukuliwa mara 5,000, h yake haivuki 3. Kwa kipimo hicho, aliyebadilisha fani nzima kwa makala tatu anakaa chini ya aliyetoa kumi za kawaida zilizonukuliwa na wenzake wa ofisi moja.

Mwaka 2007 Parnas mwenyewe aliandika katika jarida lilelile akiomba mchezo huu wa namba ukomeshwe. Alieleza watafiti wanavyopeana majina, niweke kwenye yako nikuweke kwenye yangu, makundi yanavyonukuliana, utafiti mmoja unavyokatwakatwa ili kila kipande kihesabiwe. Akakumbusha kwamba wengine hunukuu ili kukosoa, na wengine hunukuu wasichokisoma. Namba zilimpendelea yeye kuliko wengi, ndiyo maana maneno yake nayapa uzito.

Najua jibu la wajumbe wenzangu: namba angalau inazuia mkubwa kumbeba mtu wake. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu upendeleo tunao na umetuumiza. Basi namba zibaki kwenye faili. Ila mwombaji achague makala mbili anazoziona bora, na wajumbe wawili wazisome mwanzo hadi mwisho, kila mmoja aandike ukurasa mmoja: amegundua nini, na kinamsaidia nani. Ni kazi ya jioni mbili tatu. Yeye ametumia miaka.

Mimi nimeanza. Niliomba nakala za yule kijana, na ya tatu nikaimaliza kwa jioni mbili. Anauliza programu ya simu ya kutuma pesa inafanya nini mtandao ukikatika katikati ya muamala, baada ya mtumaji kukatwa na kabla mpokeaji hajapata. Ametengeneza njia ya kuukata mtandao makusudi, hatua kwa hatua, na kuandika salio la pande zote mbili kila mara. Makala hiyo imenukuliwa mara mbili. Nimeiandikia ukurasa mmoja na nusu, na jana nimempelekea mwenyekiti auingize kwenye faili kabla ya kikao kijacho.