Anayesitasita si mkaidi

Kuna mtu ameandika ujumbe wa kuomba miadi kwa mtaalamu wa saikolojia, akausoma tena, akaufuta. Kesho yake akaandika upya. Walio karibu naye watasema hataki kusaidiwa. Mimi nasema anataka sana, ila anaogopa, na hofu yake ina sababu.

Anaogopa kuonekana kichaa. Anaogopa siri zake zitatembea. Zaidi ya yote, anaogopa kuambiwa kitaalamu yale anayojiambia mwenyewe kila usiku: kwamba ni dhaifu, kwamba wenzake wamepitia makubwa na hawalalamiki. Mtu huyu ukimwambia "jikaze", umemfungia mlango.

Ndiyo maana nashikilia kwamba huruma katika tiba si pambo. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kuwa mtu hubadilika anapompata msikilizaji anayemwelewa, anayempokea bila masharti na asiyejifanya. Baadaye Paul Gilbert wa Uingereza aliona jambo linalonigusa sana: baadhi ya wagonjwa wake waliweza kuyajibu mawazo yao mabaya kwa hoja nzuri kabisa, lakini sauti waliyojisemesha nayo moyoni ilibaki kali, ya kukaripia. Hoja ziliingia akilini, nafuu haikuja. Akajenga tiba ya kumfundisha mtu kujisemesha kwa upole, hasa aliyelemewa na aibu na kujilaumu.

Huruma hiyo utaiona katika mambo madogo. Mtu anaingia, anakaa ukingoni mwa kiti, mkoba kaupakata, anasema shida yake ni usingizi tu. Mtaalamu mwema huanza na huo huo usingizi. Unakatika saa ngapi? Ukiamka, unawaza nini? Hamlazimishi kufukua machungu ya utotoni siku ya kwanza. Humweleza mapema kwamba mazungumzo yao ni siri, na pia mahali siri inapokoma, kwa mfano uhai wa mtu ukiwa hatarini. Machozi yakija, hakimbilii kuyanyamazisha. Anasubiri.

Na kama wa kwanza alikukaripia, una haki ya kutafuta mwingine. Huo si utovu wa adabu. Mawazo ya kujiua tu ndiyo yasiyongoja: hayo mwambie mtu leo hii. Kwa mengine, nenda na unayemwamini akusubiri nje, useme unachoweza siku hiyo, kilichobaki ukiache kwanza.