Kamusi Zinazonyamazisha Kicheko

Sisi tunaojifunza Kijerumani hapa Kisumu tumechoshwa na kamusi za simu za Kiingereza-Kijerumani zinazotupa neno lilelile kwa kila kicheko. Unatafuta giggle, unapewa kichern. Snigger, kichern. Titter, kichern tena! Jamani, mtoto anayechekacheka na mtu anayemcheka mwenzake chinichini kwa dharau ni sawa?

Kinachoniudhi hasa ni chuckle kugeuzwa schmunzeln. Schmunzeln ni kutabasamu tu, bila sauti. Mzee anayecheka kifuani pale ufuoni Dunga akisubiri kukaangiwa samaki, mabega yakimtikisika, mbona nyinyi watunga kamusi mnamfanya bubu? Wajerumani wana glucksen kwa kicheko hicho cha kifuani. Hata kicheko cha kishindo wana wiehern, mlio wa farasi. Maneno yapo, yawekeni, tena na mifano ya sentensi!