Abiria Anaona Siti, Haoni Breki

Tazama tangazo lolote la basi la masafa marefu: kiyoyozi, siti za kulaza, intaneti ya bure, soketi ya chaji kila siti. Hutasoma popote kwamba dereva amepumzika vya kutosha, wala kwamba matairi ya nyuma yamebadilishwa juzi. Si kwamba wenye mabasi wana roho mbaya. Abiria hulipia anachokiona, na sehemu kubwa ya usalama wa basi iko chini ya bodi na kichwani mwa dereva. Ndiyo maana kuna ubishi: tukitaka kuboresha mabasi, tuanze na mvuto unaomleta abiria, au na usalama asiouona?

Wanaosema tuanze na mvuto wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Ukipima vifo kwa kilomita anazosafiri kila abiria, huko Ulaya na Marekani ambako takwimu hizi hukusanywa kwa makini, basi ni salama kuliko gari dogo, na pikipiki hailikaribii hata kidogo. Tunaliogopa kwa sababu likipinduka linaua wengi kwa mpigo na habari inaenea siku nzima, wakati magari madogo huua mmoja mmoja bila kelele. Kwa hesabu hiyo, mtu anayeacha gari lake akapanda basi amejipunguzia hatari hata kabla bolti moja haijakazwa. Ujerumani ilipolegeza mwaka 2013 sheria iliyolinda reli dhidi ya mabasi tangu miaka ya 1930, kilichowavuta abiria kilikuwa nauli ya chini na tiketi za mtandaoni. Watetezi hawa huongeza jambo moja linalouma: kila sharti jipya lina gharama, gharama inahamia kwenye nauli, na aliyeshindwa nauli habaki nyumbani. Anapanda chombo kibaya zaidi.

Upande wa pili, unaotaka usalama kwanza, una ajali ya Carrollton. Mwezi Mei 1988, huko Kentucky nchini Marekani, dereva mlevi aliyekuwa upande usio wake aligongana na basi kuukuu la shule lililokuwa mikononi mwa kanisa. Ndani mlikuwa na watu 67. Wakafa 27, na si kwa kishindo cha kugongana, bali kwa moto na moshi. Tangi la mafuta lilitoboka, mlango wa mbele ukazibwa, na watu wote wakasukumana kwenye ujia mwembamba kuelekea mlango mmoja wa nyuma. Chasi ya basi hilo ilikuwa imetengenezwa siku chache tu kabla sheria mpya ya kukinga tangi la mafuta haijaanza. Hakuna abiria ambaye angekagua tangi kabla ya kupanda, na hakuna soko ambalo lingemwadhibu mwenye basi kabla ya ajali. Hapo ndipo sheria inapohitajika, nauli ipande isipande. Na ukiona leo kondakta anapanga magunia kwenye ujia kwa sababu buti limejaa, ujue anaziba njia ileile.

Mkanda nao una vituko vyake. Umoja wa Ulaya umewataka abiria wa basi wafunge mkanda ulipo tangu 2006. Marekani ikalazimisha mabasi makubwa mapya yawe nao tangu 2016. Lakini keti uutafute: kifungio kimezama kati ya siti, chini ya maganda ya karanga. Mkanda usiofikika kwa mkono mmoja ni pambo.

Mgogoro wenyewe hasa uko kwenye muda. Abiria anataka kufika mapema, na mwenye basi anamuuzia mwendo. Fanya hesabu: kilomita 400 kwa mwendo wa 100 kwa saa ni saa nne, kwa 80 ni saa tano. Saa moja hiyo ndiyo inayofanya watu wachezee kidhibiti mwendo. Ila saa hiyohiyo mara nyingi ilishaliwa stendi, injini ikinguruma, utingo akisubiri siti tatu zijae. Kisha dereva anatumwa barabarani akaifidie. Kwa maoni yangu, kuondoka kwa wakati ndilo jambo ambalo mvuto na usalama vinakubaliana bila kusukumwa, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote, pengine kwa kuwa halina picha nzuri ya kuweka kwenye tangazo.

Wengine wanaamini abiria mwenyewe atamdhibiti dereva. Kenya kuna ushahidi: watafiti Habyarimana na Jack walibandika ndani ya matatu stika za kuwahimiza abiria wampigie kelele dereva anayeendesha vibaya, na madai ya bima yakashuka kwa nusu mpaka theluthi mbili. Dawa ya bei rahisi kiasi hicho ni ya kuipokea kwa mikono miwili. Ila inafanya kazi abiria wakiwa macho. Saa tisa usiku wote wamelala, na dereva naye anakaribia kuwafuata.

Kwa hiyo saa za kazi za dereva haziwezi kuachiwa abiria. Kanuni ya Ulaya inamtaka apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na asipite saa tisa kwa siku, isipokuwa mara mbili kwa wiki anaporuhusiwa kumi. Wenye mabasi husema hilo linamaanisha dereva wa pili na mshahara wa pili, na wanasema kweli. Basi gharama hiyo ionekane kama soketi inavyoonekana: tiketi iandike gari litaondoka saa ngapi na dereva atabadilishwa wapi. Kampuni kubwa inaweza kuanza kesho. Mwenye basi moja au mawili itambana, na kama kuna nafuu ya kodi ya kutoa katika biashara hii, ningempa yeye kwa ajili ya dereva huyo wa pili kabla sijamfikiria anayeagiza siti mpya.