Wanaobashiri muuaji hawaharibu tamthilia

Kuna mwandishi mmoja anayedai kuwa watazamaji wanaobuni nadharia za nani muuaji wanaharibu tamthilia za upelelezi. Sikubaliani naye hata kidogo. Fumbo hufumbwa ili lifumbuliwe.

Chukueni Broadchurch ya Uingereza, ya mwaka 2013 (kama hujaitazama, ruka aya hii). Mtoto Danny Latimer anakutwa amekufa ufukweni, na kwa vipindi vinane karibu kila mtu mjini anashukiwa. Katika chumba cha mahojiano, mpelelezi Ellie Miller anamkabili Susan Wright, mwanamke ambaye mumewe aliwatendea unyama mabinti zao. Ellie anamuuliza kwa ukali: uliwezaje kuishi naye usijue? Kumbe muuaji ni Joe, mume wa Ellie mwenyewe! Aliyelisikiliza vizuri swali lile alikuwa na jibu mkononi kabla ya kipindi cha mwisho. Na hakupoteza kitu. Bali uchungu wake ulikuwa mara mbili, maana alimwona Ellie akimhukumu mwenzake kwa msiba uliokuwa njiani kumfika yeye.

Zisizo na maana ni zile nadharia za kurusha ovyo, mtu anashukiwa kwa sababu tu ana sura ya kutisha au hacheki. Tuambie alikuwa wapi, alikuwa na sababu gani, na kwa nini tulionyeshwa jambo fulani mapema vile. Anayestahili kukemewa ni yule anayetangaza mwisho bila kutoa onyo, wakati wenzake bado wako kipindi cha pili.