Risiti ya Bodaboda

Leo asubuhi mhasibu kanirudishia fomu ya marejesho ya masurufu kwa mara ya tatu. Kazungushia mstari mmoja kwa wino mwekundu: "Risiti ya EFD iko wapi?" Mstari wenyewe ni bodaboda, Kaole hadi Bagamoyo mjini, shilingi elfu tano. Yaani yule kijana mwenye ndala na jaketi la baridi kwenye jua la saa nane, hiyo EFD, mashine ya risiti za kodi, angeifunga wapi? Kwenye kofia?

Mimi ni mtumishi wa miaka kumi na tisa, sina doa. Ngoja niseme.

Tulipelekwa Bagamoyo siku tatu kujifunza matumizi bora ya muda. Kipindi cha saa mbili asubuhi kilianza saa nne na nusu, maana mwezeshaji alikuwa "anaingia Bunju", yaani bado yuko Dar. Nikachaguliwa mtunza muda. Posho nusu, kwani chakula kipo, na chakula chenyewe mnakijua. Makofi ya kilo tulipiga hadi viganja vikavimba.

Siku ya mwisho, ziara. Boma la Wajerumani tuliliona kupitia dirisha la kosta. Misheni tukashuka, tukaonyeshwa mnara ulipowekwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Akina Chuma na Susi, watumishi wake, waliutoa Chitambo, Zambia ya leo, kwa miguu, miezi kama tisa njiani. Siku ile nilisikitika tu. Leo najiuliza: marejesho yao alikagua nani?

Halafu Kaole. Msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye minara, na mbuyu. Mtembezaji watalii akasema mbuyu ule una zaidi ya miaka mia tano. Ukiuzunguka unaongezewa umri, ukichuma jani unajipunguzia.

Jamani. Angenyamaza.

Bosi wetu kabakiza miezi saba astaafu. Alivua koti, akampa katibu muhtasi, akaanza kuzunguka. Mzunguko wa kwanza tukapiga makofi. Wa pili, kilo. Wa tatu, naibu wake, ambaye bosi akisafiri tu yeye hukikalia kile kiti "kukijaribu spring", akamsogelea mtembezaji na kumuuliza kwa sauti ya chini: "Samahani, ni umri wa kuishi au wa utumishi?"

"Mzee wangu, umri ni umri."

Naibu akainua macho kuangalia majani. Afisa utumishi akamwona, akaenda kusimama chini ya tawi la karibu, mikono nyuma, kama mlinzi wa benki. Bosi akapita mara ya nne, shati limelowa, anahesabu kwa sauti. Mara ya tano tukamwomba apumzike, akasema tusimrudishe nyuma kimaendeleo. Mara ya sita naibu naye akavua koti, akaanza kuzunguka upande wa pili, kinyume, nadhani ili afute ya mwenzake. Wakakutana nyuma ya mbuyu. Wakapeana mkono.

Mimi nilisita. Mkopo wangu una miaka mingine sita. Nikijiongezea umri, anayefaidi ni benki. Lakini nikaona mzunguko mmoja haudhuru, nikazunguka polepole, viatu vya semina vinabana. Nikiwa nyuma ya mbuyu, na ule mti si mwembamba, nikasikia honi. Nikatokeza. Vumbi tu.

Siku tatu hakuna kilichoanza kwa wakati. Kosta ikaondoka kwa wakati, ikamwacha mtunza muda!

Sasa mhasibu anasema, "Kaka, utaratibu ni utaratibu," nilete maelezo ya maandishi ya mwenye bodaboda, nakala ya kitambulisho chake na muhuri wa mtendaji wa mtaa. Nauli ya kwenda kumtafuta, kula njiani na kurudi, hiyo elfu tano ya kugombania imeshaliwa mara tatu. Na huko nako nitapanda bodaboda!

Tena nilikuwa na mfuko wa kamba wa kukaanga, nimewanunua soko la samaki pale pwani, wa mama watoto. Ulibaki kwenye kosta, chini ya kiti. Mama watoto anaamini sikununua. Dereva hapokei simu tangu Ijumaa, na jana nilipomfuata maegesho nikamkuta anachokonoa meno, ananiuliza semina ilikuwaje.